Upande wa Ndani

Saa tano za usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa,
nami nimekata uzi wa mwisho kwa jino.
Miezi minne ya viua, kimoja kimoja,
kofia ya arubaini na moja tangu nianze kuhesabu.
Haya. Sasa niiweke wapi?

Shaima, binti wa kaka yangu, ana jawabu kabla ya swali:
"TikTok, shangazi! Sekunde kumi na tano,
vidole vyako tu, na muziki kwa chini."
Sekunde kumi na tano!
Hapo hata tundu la sindano
sijalipata.

Tulishajaribu, mwezi wa Shaabani.
Akaiharakisha picha, mikono yangu ikaenda mbio
kama ya mtu anayefukuza nzi kwenye halua.
Watu elfu sita wakatazama.
Mmoja akauliza pete nimeinunua wapi.

Fesibuku wako niliosoma nao Unguja.
Wataandika mashallah kwa namna kumi na moja,
kisha wataniuliza dawa ya magoti.
Wananipenda mno, na apendaye mno
haoni mshono ulioponyoka.

Wasapu ni ukumbi wa ukoo:
kofia itakaa baina ya tangazo la maziko
na picha ya boko boko ya Ijumaa,
na Khalati Rayya atanitumia sauti yake, dakika nne,
tatu na nusu zikiwa za kumsema wifi yake.

Basi Instagramu. Duka lenye kioo kisafi.
Hilo nalijua. Hilo limenila.

Mwaka juzi, Rustaki, mvua ilinyesha alfajiri
nikaona nyayo za kwale kwenye udongo mbichi,
tatu mbele, moja nyuma, mpaka ukingo wa falaji.
Nikazichora nyuma ya risiti ya petroli.
Nikazishona. Nikazipiga picha dirishani,
nikaziweka hapo, nikalala na furaha yangu.

Siku ya ishirini, soko la Sibu,
nyayo zangu ziko juu ya kichwa cha kijana asiyenijua,
kazi ya mashine, riali mbili,
na aliyenakili aliishika picha juu chini:
kwale wangu wote wanatembea kinyumenyume.
Muuzaji hana kosa, naye kaletewa katoni.
Nikatoa riali mbili. Nikainunua.
Mpaka leo iko kabatini, sijui ni ushahidi
au ni mtoto wa nje.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Wahenga hawakuwa na simu.
Siku hizi chema nacho hujitembeza,
na kikichelewa, hutembezwa na mwingine.

Nikaishika kofia chini ya taa.
Nikaipindua.

Huku ndani hakuna anayetazamwa.
Mafundo. Nyuzi zinazopita juu ya nyuzi
kama majirani wasiosemezana.
Hapa uzi uliisha usiku wa Idi, maduka yamefungwa,
nikaendelea na mweupe ambao si mweupe ule.
Hapa kuna doa, dogo kuliko chembe ya ufuta:
kidole changu. Halikutoka kwa sabuni.

Nikapiga picha hiyo. Instagramu,
bila muziki, bila neno.

Shaima akapiga simu: "Shangazi, umeweka nyuma!"
Nikamwambia najua.
"Futa basi, watu hawataelewa."
Mioyo tisa. Mmoja ni wake,
alionihurumia.

Siku ya tatu, baada ya magharibi, ujumbe kutoka Sur,
mtu asiye na picha, asiye na jina la maana:
*Fundo la pili kutoka ukingoni, hilo linalorudi nyuma
kabla ya kwenda mbele. Alikufunza nani?*

Nikaandika jina la marehemu mama. Nikalifuta.
Nikaandika, ni siri ya nyumba yetu. Nikalifuta.
Chai ikapoa.
Nikaandika:
Sur sehemu gani?