Vifungo Ishirini na Sita

Mimi ndiye ninayemfunga.
Vifungo ishirini na sita, mgongoni, toka kiunoni hadi shingo,
na kila kimoja kina ukaidi wake.
Chumba chetu kiko chini ya jukwaa. Blackpool, Novemba:
poda, siki ya chipsi, sufu iliyoloa.
Nje tramu inapita ikisaga meno.

Maureen Hesketh, miaka sitini na minane,
goti la kushoto limeumuka kama andazi.
"Chai hii, Mwatumu, imepoa kuliko ndoa yangu ya pili."
Hunifokea, kisha huniomba nimkune
pale sidiria ilipomchora mstari.
Najua kope zake hulala kwenye kopo la peremende.
Najua wigi lina jina, Gladys.
Najua sauti ile huamka na kikohozi cha mvuta sigara.
Aliyeuona mchuzi ukipikwa
hapaswi kulamba kidole.

Lakini anapanda zile ngazi nane, akiguna kila moja,
na kwenye ya nane goti linapona.
Shingo inarefuka, sijui kwa dawa gani.
Maureen anabaki gizani nami, na kikombe chake,
na anayeingia kwenye mwanga ni Madamu Valoria,
ambaye hajapata kunywa chai, hajapata kuwa na magoti.

Kwanza ananyamaza.
Anawaacha wazee wa Preston, makoti mapajani,
wangoje kama wadeni.
Kisha noti moja, ya chini,
na mimi, mjuzi wa siri zote, nimekwisha.

Kwetu Tanga mwimbaji akikukata maini hivi
hukai. Unainuka, mwendo wa maringo,
bega mbele, elfu kumi kati ya vidole viwili,
noti kwa noti, unamtuza,
na ukumbi mzima unajua umemjibu nani.
Hapa wanakaa.
Mwishoni wanapiga makofi kwa adabu,
kama wanaokung'uta makombo.
Miaka kumi na mmoja nami nimeikalia mikono yangu.

Jumamosi, ubeti wa tatu, ule wa mwanamume asiyerudi,
miguu haikuniuliza.
Nilitoka na aproni, pini mdomoni,
na pauni tano iliyokuwa nauli,
bega la kulia mbele.
Ukumbi ulishika pumzi. Mpiga kinanda akabonyeza pasipo.
Yeye hakukosa neno. Alinitazama
kama malkia anavyoitazama mvua,
akainama nusu shubiri,
akapokea.

Chini, baadaye, nikimfungua:
"Ukirudia, nakufukuza."
Kimoja. Viwili. Vitatu.
Nilipofika cha ishirini akasema, kwa sauti ya Maureen,
akikitazama kioo, si mimi:
"Na hiyo pauni tano usidhani utarudishiwa."

Nikaenda nyumbani kwa miguu, kandokando ya bahari yao ya kijivu,
tramu zikinipita tupu, zimewasha taa zote.