Bahasha ya Bwana Moncrieff

Nililinunua kwa paundi elfu nne na mia mbili,
Mjerumani wa viti viwili, injini nyuma ya mgongo,
umri miaka ishirini na moja, rangi ya zabibu iliyopauka,
kwa mjane mmoja wa Broughty Ferry
aliyenipa funguo, kikombe cha chai,
na bahasha ya kaki, nene kama daftari la duka.
"Mume wangu alitunza kila risiti," alisema.
Sikuuliza kwa nini zilikuwa nyingi.

Wiki ya kwanza nilikuwa sultani wa Dundee.
Nilipita Perth Road alfajiri nikitoka zamu,
harufu ya vitunguu vya jiko la hospitali bado mikononi,
ekzosi ikiguna mpaka wanafunzi wakageuka.
Wiki ya pili, kidimbwi cha kijani chini ya gari.
Wiki ya tatu, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi;
nimeizoea, kama jirani anayelala na redio.

Ishbel, fundi wa kule Lochee, hana maneno mengi.
Huliinua gari, humulika tochi,
huvuta pumzi kwa kupitia meno,
na kwa urefu wa pumzi ile mimi hujua bei.
Tangi la maji limepasuka: mia tatu na themanini.
Springi ya mbele imekatika, imetafunwa na chumvi
inayomwagwa barabarani kila theluji ikianguka: mia mbili na kumi,
"na ukibadili moja, badili na mwenzake."
Mota ya turubai imekufa, turubai likiwa wazi.
"Na klachi?" nikauliza. Nilikuwa nimeshayavulia nguo.
"Inateleza. Lakini klachi si kitu."

Akanionyesha kiganjani beringi ya gari jingine,
ndogo kuliko kitumbua, imesagika.
Hii ikivunjika, injini nzima ni chuma chakavu.
Haitoi taarifa. Leo inazunguka,
kesho umeegesha daima.
Kuibadili, pamoja na klachi: elfu mbili na mia nne.
Gari lenyewe, kwa hali ile, lisingefika elfu tatu.

Tunu hakunigombeza. Ugomvi ungekuwa nafuu.
Alisema tu, "Ukipenda boga, penda na beringi yake,"
akaendelea kupiga pasi sare yake.

Usiku ule nikaimwaga bahasha mezani.
Plagi na koili. Shokomzoba zote nne.
Sili ya oili, mara mbili kwa mwaka mmoja.
Na kando ya kila jumla, kwa penseli, mwandiko mdogo:
*Mvua. Tumefika Ullapool.*
*Elspeth kaendesha. Kanitisha.*
*Kioo kimegoma kupanda. Tumekula kamba, tumelowa.*
Mwandiko ukaanza kutetemeka pale kwenye diski za breki.
Risiti ya mwisho, betri, paundi tisini na nne.
Pembeni: *Hatukwenda.*

Nikaitafuta beringi, karatasi kwa karatasi.
Haimo. Hakuwahi kuigusa.
Miaka yote hiyo ilizunguka nyuma ya viuno vyao
na wao wakibishana kuhusu ramani.

Nililipa. Ishbel alikubali awamu tano
na hakuniangalia usoni nilipokuwa nahesabu ya kwanza.
Ya mota ya turubai haikupatikana,
kwa hiyo Jumapili tuliuvuka Tay kichwa wazi,
ukungu wa bahari ukiingia kama mgeni asiyebisha hodi,
Tunu kajifunga khanga mbili juu ya kofia ya sufu,
maili mbili tu, mpaka Newport, tukanywa supu, tukarudi.

Nikachukua penseli.
*Ukungu. Tumefika Newport. Tunu kacheka, mara moja, kwenye kona.*
Nikaitia risiti ndani ya bahasha, juu ya ile ya betri.

Kisha nikatoka na tochi, nikainama.
Chini ya gari, pakavu.
Nikangoja kidogo.
Nikainama tena.