Jina Lililozidi Mizani

Wimbo wenyewe unasema mvua ilinyesha.
Haikunyesha. Ilikuwa Jumanne, jua la saa nne,
nikatoka Maweni na mkokoteni wa kukodi,
kichwa cha cherehani nimekifunga kwa leso.
Meza yake niliiacha, ilikuwa nzito.
Wimbo unasema Badi alinikimbilia hadi stendi.
Badi alilala hadi adhuhuri.
Hayo aliniambia jirani.

Wimbo unaniita Lulu.
Alimwambia mtangazaji wa redio, huku akicheka:
"Jina la kweli lilizidi mizani."
Mwa-na-ko-mbo. Nimehesabu kwa vidole vya mkono mmoja,
kikabaki kidole.

Watu hutaka kosa kubwa.
Hakunipiga, hakulewa, hakuniolea mwenza.
Usiku aliwaimbia wageni hotelini, kinanda kifuani,
maneno matamu hadi wahudumu wakasahau trei.
Nyumbani nikimuuliza, unga umebaki?
Mm.
Kodi umelipa?
Mm.
Nimeota mama amekufa.
Mm.

Wimbo ukavuma hadi Tanga.
Kisha kundi la taarabu likauchukua, likaunyoosha
ukafika dakika kumi na saba,
likamtia ndani shoga mnafiki aliyenijaza maneno.
Sikuwa na shoga wa namna hiyo,
lakini Mejumaa nilimnunia wiki nzima.

Kisha Mtaliana mwenye gita, pale Casuarina,
haelewi hata neno moja,
akawa anaita "Lulu, Lulu" kama aliyepotelewa na paka,
na wanawake wazima wakalia juu ya tambi zao.
Kisha bendi ya shule, kwa tarumbeta,
siku ya Madaraka, mbele ya mkuu wa wilaya.
Kila aliyeuimba alipata kuliko aliyemtangulia.
Mimi nilipata mlio wa simu ya muuza vitambaa:
akipigiwa, naachwa upya,
naye anapima mita tatu za shifoni.

Na mvua. Kila mara mvua.
Kuna siku nilijikuta nakumbuka viatu vilivyolowa.

Mwaka jana akatokea Raziki, binti wa Kisauni,
miaka ishirini, sauti kama ya mtu aliyetoka kuamka.
Maneno hakuyagusa. Aligeuza kiambishi tu:
palipokuwa "uliondoka" akaweka "niliondoka".
Basi. Silabi moja kwa silabi moja,
mizani haikutikisika,
na nyumba nzima ikageuka ikatazama upande wa pili,
mlango ukawa mbele yangu, mkokoteni nje,
mwenye mkokoteni akiuliza, "Twende, mama?"

Mvua aliiacha. Simlaumu, hakuwepo.
Ila mwanzoni, kabla ya ngoma, kabla ya neno lolote,
anafumba mdomo na kutoa sauti ndogo, kavu,
ya mtu asiyekusikiliza:
Mm.

Nilikanyaga cherehani ikasimama,
sindano ikabaki ndani ya kitambaa.
Nani alimwambia?
Nilikaa hapo hadi chai ikafanya ngozi.

Wanasema Badi bado anaupiga hotelini,
na wageni wa kutoka Mombasa humwambia kwa upole
kwamba anajaribu, lakini wa yule binti ni mzuri zaidi,
aende akausikilize.
Nilicheka. Halafu nikaona vibaya.
Halafu nikacheka tena, kidogo.

Leo nina bibi harusi juu ya kigoda, Jumamosi ndiyo siku yake.
Napiga magoti, napandisha upindo,
pini sita mdomoni.
Simu yake inaimba dirishani, naye anayumba nayo,
nami namshika kifundo cha mguu asinichomeke.
"Huu ndio nitaingilia nao ukumbini," anasema.
"Najua ni wa kuachana, lakini ni mtamu, si ndiyo?
Bi Mwanakombo, wewe waujua huu wimbo?"

Pini sita.

"Mm," nikamjibu.