Waziri wa Dengu

Kwenye daftari la Rajabali, mnunuzi wa nta, Tabora,
aliitwa Anselimu, karani wa mizani, shilingi sabini kwa mwezi.
Tarakimu nilimwandikia mimi, Nyamizi binti Kapela,
maana saba zake alizifunga mkanda kiunoni
na tajiri akazisoma nne.

Watu wa reli walisema Mgiriki.
Wa Ng'ambo walisema mateka wa Kitaliano, meli imemsahau.
Hakubisha. Jioni, akisugua mawe ya mizani kwa majivu,
alitaja jina moja, Republika,
kwa sauti ya mtu aliyefiwa,
na mama yangu, Mkatoliki asiye na maswali,
akamtolea misa marehemu Republika.

Mengine aliyadondosha msimu hadi msimu:
baba mwoka mikate, mji mkavu usio na mto,
yeye kijana wa kiwanda cha chapa, akipanga herufi za risasi
kabla risasi haijawa kitu kingine.
Kisha chama. Kisha bunge. Kisha majenerali
wakaigeukia serikali iliyowalisha,
naye, kwa kuwa alijua bei ya unga,
akafanywa waziri wa chakula katika jiji lililozingirwa.
"Waziri wa dengu," alicheka.
Gramu hamsini kwa kichwa. Kisha arobaini.
Ndege zikipita, anagawanya kwa mshumaa.

Mara moja tu alinieleza la yule mwanamke.
Alifika wizarani na mtoto, anataka maziwa.
"Nilimpa kibali. Sahihi yangu, muhuri wangu, kila kitu sawa.
Maziwa hayakuwepo, Nyamizi. Nilijua hayapo."
Nje watu wa Sikonge walikuwa wakifungua kamba za baiskeli,
nta imefungwa kwa magome, nyuki wawili watatu bado wanaifuata.

Ndiyo maana mizani yake ililemea upande wa muuzaji,
kidogo, uzito wa kidole gumba.
Rajabali akagundua, akamkata mshahara, akamfokea kwa Kigujarati.
Mwezi uliofuata kidole kilikuwa palepale.

Kila tarehe kumi na nne Aprili, mvua ikipiga mabati,
alivaa tai. Mama alimshonea bendera ya viraka:
nyekundu ya kanga, manjano ya kanga nyingine,
zambarau ikatusumbua, tukaiiba kwenye joho la kwaya.
Aliitundika ndani, nyuma ya mlango,
kama mtu anikaye nguo za siri.

Desemba ya sitini na mbili, redio ya karakana ikapaza sauti.
"Hilo neno," akaniuliza, "jamhuri. Ni nini?"
Nchi isiyo na malkia, nikasema. Wenye nchi ni watu.
Akaketi juu ya gunia la karanga.
"Basi ni Republika,"
na ndipo nikajua miaka kumi na moja tulikuwa tukimwombea nani.
Hakushangilia. Aliuliza:
"Ghala mnalo? Ufunguo anao nani?"

Homa ilimchukua mwaka uliofuata, miombo ikitoa majani mekundu.
Ndani ya soksi tukakuta muhuri wa shaba
aliouvusha milimani kwa miguu, Februari, theluji magotini.
Mpini uling'aa kwa kushikwa.
Alikuwa akipiga nini, na chupa ya wino hatukuiona?

Kufunga mizigo ilikuwa kazi yake, hakuruhusu mkono mwingine.
Sasa ikawa yangu. Nikapindua bonge la nta alilolikusudia Dar es Salaam.
Chini, upande usiotazamwa na mtu:
ngome, simba, maandishi yaliyopinda kufuata duara.
Nikapindua la pili.
La tatu.
Miaka yote ile nta ya Unyamwezi ilipita relini
kwa idhini ya waziri,
na safari hii kitu chenyewe kilikuwepo.

Nikaliweka mizanini. Ratili ishirini na saba.
Nikaandika.
Ile saba nikaifunga mkanda.