Nne juu ya Ishirini

Ukutani karatasi ya matokeo ililowa mvua ya Bukavu,
lakini nne yangu haikulowa.
Nne juu ya ishirini, wino mweusi, imesimama wima
kama mtu aliyekuja kudai deni.

Uchumi mdogo, ndivyo wanavyouita.
Mdogo kwa nani?
Profesa alikuja kwa ndege, akakaa siku kumi na mbili,
akaandika delta na lamda ubaoni,
akazifuta kwa kiwiko, akapanda ndege.

Nikatafuta msaada.
Msaidizi wake alitaka dola kumi na tano kwa kila kichwa,
nami kichwa ndicho nilichokosa.
Bashige, aliyepata kumi na saba, alilitazama swali langu
akasema, "Lakini hili ni rahisi,"
na mlango ukafungwa, ingawa tulikuwa nje.
Kikundi cha maombi cha Kadutu kilinipa siku tatu za kufunga.
Nilifunga. Njaa niliijua;
mkunjo wa mahitaji sikuujua.

Basi nikateremka Nyawera, silabusi chini ya koti,
kutoa kopi ya ukurasa wa thelathini na moja uliochanika.
Nsimire aliushika, akauinua kwenye mwanga.
"Nani alikuuzia hii? Ni kopi ya kopi ya kopi.
Tazama: mstari mmoja unashuka, mwingine unapanda,
na pale inapokutana pamefutika."
Kweli. Penye jibu palikuwa na weupe.
Mwaka mzima nilikariri weupe.

Akatoa ya kwake kwenye droo,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
pembeni imejaa mwandiko mdogo wa mtu
aliyefika mwaka wa pili, kisha ada.
Hakueleza zaidi. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Nitakufundisha umeme ukikatika," alisema.
"Ukiwepo, dakika yangu ina bei:
kurasa kumi na tano, franka mia kila moja.
Ukikatika, sipotezi kitu.
Hilo nalo ni somo. Andika."

Hivyo nikawa mtu pekee katika komini ya Ibanda
aliyeomba giza.
Wengine walilaani, friji zilivuja machozi,
vinyozi waliacha vichwa nusunusu,
nami nilikuwa nakimbia matopeni, daftari mkononi.
Mshumaa juu ya kioo cha mashine.
Unyumbufu aliufundisha kwa sambaza na chumvi:
sambaza zikipanda bei, mama yako anapika lengalenga;
chumvi ikipanda, analalamika, analipa.
Na delta?
"Kipembetatu tu kinachouliza: kimebadilika nini?"
Pale palipofutika alipachora upya, kalamu nyekundu,
akabonyeza hadi karatasi ikatoboka.

Jioni moja, tukiwa katikati ya manufaa ya nyongeza
(andazi la kwanza, la pili,
la tano unalolila kwa sababu limeshalipiwa),
balbu ikawaka.
Mashine ikakohoa. Mlangoni watu wanne, vyeti mkononi.
Nikafunga daftari; bei naijua.
Nsimire hakuinuka.
"Maliza," alisema. "Andazi la sita lina thamani gani?"
Watu wakaguna. Mmoja akasonya.
Nikatafuta jibu, nikalikosa, nikalitafuta tena,
na yeye amekaa, mkono shavuni, taa inawaka juu yetu bure.

Septemba, sesheni ya pili, swali la tatu:
Eleza gharama ya fursa iliyoachwa. Toa mfano.
Niliandika mashine, umeme, franka mia.
Kisha pembeni, kwa penseli, nikapiga hesabu yangu mwenyewe:
dakika kumi na moja, mara kumi na tano, mara mia.
Elfu kumi na sita na mia tano.
Nikaikagua mara mbili. Ilikuwa sahihi.
Nikaifuta kwa kidole,
na haikufutika vizuri.