Kibao Kilichobaki Dukani

Nannume aliingia na daftari mbili kwapani,
moja ya Kiholanzi, ina doa la mafuta ya pampu,
nyingine ya Kiingereza, kaazima kwa bwana mifugo.
"Somoe, nichapie vibao vya vizimba vyangu,
kwa Kiswahili kinachouzika."

Nje, Chikongola, malori ya korosho yakikata kona.
Mama mkwe, kwenye benchi, akaacha kumenya karanga:
"Mholanzi ndiye Mdachi yule wa boma la Mikindani?"
Siye, mama.
"Haya. Wote walikuja na majina."

Wa kwanza, mkia umetanda kama ungo.
Mholanzi kaandika: mkia wa tausi.
Mwingereza: mkia wa upepeo.
"Tausi," akasema Nannume. "Upepeo ninao nyumbani,
wa ukindu, shilingi elfu."

Wa pili kajifunika ukosi wa manyoya hadi masikioni.
Mholanzi kamwita diwani.
Mwingereza kaona mtawa ndani ya joho.
Nannume akachungulia mlangoni;
uchaguzi ulikuwa wiki ijayo.
"Andika mtawa. Wale wa Ndanda hawamshtaki mtu."

Wa tatu hupiga samasoti angani.
Hapo lugha mbili zilipatana,
nikachapa upesi kabla hazijagombana.

Kisha akafunua kapu.
Mdogo, mweupe, macho ya duara,
mdomo mfupi kama punje ya mtama iliyokwama,
kifuani tai ya manyoya yaliyosokotana.
Kiholanzi: shakwe mdogo.
Kiingereza: bundi.

Nikarudia kusoma, kidole juu ya herufi.
Bundi.
Ndege mmoja, uso uleule,
huyu kamtazama akaona bahari ya kwao,
yule kamtazama akaona usiku.
Na sisi, nikauliza, tumeona nini?
"Mimi," akasema Nannume, "nimeona elfu themanini."

Nikakumbuka: hata njiwa manga
tulimtwika Manga mgongoni
akaibeba hadi kwenye mapaa yetu ya bati,
na leo nani humuuliza habari za Maskati?

Kwa haki nikachapa vyote viwili,
SHAKWE na BUNDI, herufi kubwa,
nikavipitisha kwenye plastiki ya moto.
Akalipa vinne. Akabeba vinne.
"Hicho cha tano kaa nacho," akasema,
"nani atampeleka bundi kwa mkewe?"

Basi ninacho.
Mama mkwe siku hizi anapita mlango wa uani.
Tafsiri sahihi, haina kosa hata la nukta,
na sina wa kumpa.
Jana nikakigeuza, nyuma yake nikaandika kwa kalamu ya wino mzito
LEO HAKUNA UMEME,
nikakitundika kwenye kioo cha mlango.

Wateja wanasoma, wanaguna, wanarudi walikotoka.
Upande wa pili
unanitazama mimi.