Hesabu ya Saa Tatu Usiku

Mimi ni mpishi. Sikuja hapa kuhesabu ndege.
Niliajiriwa kumenya viazi, kukanda mkate, kuangalia uji usiungue
katika kituo cha watu wanaoamka saa kumi alfajiri
kwenda kutazama ukuta wa mawe.

Kisiwa hiki unakizunguka na kukimaliza
kabla chakula hakijatulia tumboni.
Watu arobaini na mmoja. Kondoo, sijui.
Shetland yenyewe, ile kubwa, huonekana siku ikitaka.
Aprili wanaiita majira ya kuchipua.
Nimechungulia kila mahali, hakijachipua kitu
isipokuwa kutu kwenye bawaba za mlango wangu.

Saa tatu usiku, vyombo vikishaoshwa,
Rhona Eunson hufungua daftari la jalada la kijani
akaita majina, moja baada ya jingine, kama mwalimu wa zamu.
Shakwe? Mia nne.
Buabua? Bado.
Kozi? Mmoja, yule yule, mnara wa kusini.
Mbayuwayu?
Kimya. Tamsin anakuna goti.
"Sifuri," anasema Rhona, na sifuri anaiandika.

Hilo ndilo lililonishinda mwanzoni:
kukalia kiti kigumu na kuandika kisichokuja.
Kwetu Tukuyu mtu haandiki mvua ambayo haikunyesha,
ingawa kule, kusema kweli, angekosa cha kuandika.
Siku kumi na tisa mfululizo, sifuri.
Nilianza kuiona nikiwa kitandani,
duara, baridi, kama sahani iliyosahaulika nje.

Jumanne upepo ukageuka, ukaja wa mashariki na ukungu,
ukungu ninaoujua, wa kulowesha nyusi,
ule wa Katumba asubuhi, wachuma chai
wakionekana kuanzia kiunoni kwenda juu.
Wote wakakimbilia nyavuni.
Wakarudi na vimfuko vya kitambaa vinavyotukutika,
wakapima: gramu tisa. Gramu nane na nusu.
Tamsin alikuwa akimvisha mmoja pete,
mguu mwembamba kuliko njiti ya kiberiti.
"Huyu ametoka Afrika," akaniambia polepole,
kama anayenikutanisha na ndugu yangu.
Nikamwambia Afrika ni kubwa.
Nikarudi kwenye vitunguu.

Saa sita na dakika kumi mchana,
nimebeba ndoo ya maganda kwenda jaani,
kitu kikapita chini ya mkono wangu.
Chini ya mkono! Nilihisi upepo wake kwapani.
Kikageuka juu ya pipa, mkia umepasuka kama mkasi wa fundi,
koo la rangi ya kutu, kikapita tena
kikinyakua nzi wa taka zangu,
taka ambazo Rhona amenisihi mara ngapi nizifunike.
Sikuita mtu. Nilisimama na ndoo
mpaka vidole vikafa ganzi.

Ndege huyu namjua akiwa ametua,
mamia, kwenye nyaya za umeme, mwezi wa kwanza,
nasi tukipita chini bila kuinua shingo.
Hakuna aliyewahi kumwandika.

Saa tatu. Shakwe, mia tatu na tisini. Buabua, bado.
Mbayuwayu?
Tamsin akaangalia goti lake.
"Mmoja," nikasema kutoka mlangoni, taulo begani.
Vichwa vyote vikageuka.
Wakauliza saa. Wakauliza upande. Wakauliza umbali.
Umbali? Nikainua mkono, nikawaonyesha kwapa.
Lowrie, ambaye hacheki, akacheka.

Rhona akaandika moja, akaikaza kwa kalamu mara mbili.
Akafika safu ya mwisho, ya jina la aliyeona.
"Nitajie herufi."
Nikamtajia zote, Tusajigwe, bila haraka.
Safu ilikuwa nyembamba. Jina likavuka mstari,
likaishia kwenye nafasi ya teleka,
ambaye hatarajiwi mpaka mwezi wa tano.

Kesho yake uji uliungua.
Nilikuwa nje.